Barua ya wazi kuhusu chembe nano za kukinga wagonjwa wa tiba ya mionzi: tuulize kwanza kama haziikingi saratani pia

Kwa Waziri wa Afya, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na wote wenye dhamana ya huduma za saratani nchini Tanzania.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba ya mionzi, na ninayoyaandika hapa ni maoni yangu, si ya hospitali ninayofanyia kazi, ambayo sitaitaja. Nimeamua kuyaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe limeshatoka maabara na kufika kwenye simu za wagonjwa wetu na ndugu zao, yaani habari kwamba zipo chembe nano zenye nguvu ya antioksidanti zinazoweza kukinga viungo vya mwili visivyo na saratani wakati saratani inapopigwa mionzi. Habari hizo hazikutungwa. Utafiti upo, na una takriban miaka 20. Ombi langu kwenu ni moja: kabla dawa yoyote ya aina hii haijaruhusiwa kuingia katika hospitali zetu, iwe kwa majaribio au kwa biashara, uwepo utaratibu wa kitaifa wa kumfuatilia kila mgonjwa kwa miaka baada ya mionzi ya mwisho, ambamo madhara aliyoyapata na kurudi au kutorudi kwa saratani yake vinaandikwa katika jalada moja. Bila utaratibu huo hatutakuwa na namna ya kujua kama dawa imemkinga mgonjwa au imeikinga saratani.

Naomba nieleze kwa nini swali hilo si la kejeli. Mionzi inayotumika katika mashine za LINAC (zinazotengeneza miale kwa umeme) na za kobalti-60 (zinazotumia kitu chenye mionzi yake chenyewe) haiui seli kwa kuichoma kama moto. Sehemu kubwa ya madhara yake, takriban theluthi mbili, hupitia kwenye maji yaliyomo ndani ya seli: mionzi huyapasua maji hayo na kuzalisha radikali huru, yaani vipande vya molekuli vilivyo vikali mno kikemikali, hasa ile ya haidroksili, ambayo huishi kwa muda mfupi mno, hata sehemu ya milioni ya sekunde haifiki, lakini katika muda huo huo huwahi kuikata DNA iliyo jirani yake. Antioksidanti ni kitu chochote kinachoweza kuidaka radikali hiyo kabla haijafanya kazi yake. Kutokana na ufupi wa maisha ya radikali, mdakaji hana budi awe ndani ya seli tayari wakati mashine inapowashwa. Akichelewa kwa dakika moja, radikali ya haidroksili imeshapita, na anachoweza kusaidia ni yale mawimbi ya kuvimba na sumu yanayofuata kwa siku na wiki. Na hapo hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa kuwa radikali inayoumiza utando wa kinywa ndiyo hiyo hiyo inayoiua seli ya saratani. Kinga isiyochagua ni sawa na mlinzi anayemlinda mwenye nyumba na mwizi kwa pamoja.

Sisemi haya kwa kuyadharau mateso yanayotafutiwa kinga. Mgonjwa wa saratani ya koo au ya kinywa kwa kawaida hupewa grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa katika mahudhurio 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Wiki mbili za mwanzo huwa anazungumza vizuri na kuuliza atamaliza lini. Kufikia wiki ya tatu anaanza kuja na kitambaa mkononi, kwa sababu mate yamekuwa mazito na hayamezeki, na uji wa ulezi aliokuwa akimaliza kikombe kizima sasa anauacha baada ya mafunda mawili, akisema unachoma, ingawa haukutiwa ndimu wala sukari. Anakonda. Akikonda, ile barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake siku ya vipimo, ambayo ndiyo inayokishikilia kichwa kisisogee mezani, inaanza kulegea mashavuni, na barakoa ikilegea shabaha nayo haiaminiki tena. Tunalazimika kumrudisha apigwe picha na kufinyangiwa nyingine. Ikiwa vidonda vimezidi, matibabu yanasimamishwa kwa siku kadhaa, na wanaofanya kazi hii wanajua kwamba katika saratani za kichwa na shingo kila siku inayoongezeka juu ya ratiba hupunguza uwezekano wa kuidhibiti saratani kwa karibu asilimia 1. Kwa hiyo kidonda cha mdomoni si suala la maumivu peke yake. Kinaweza kumpokonya mtu nafasi yake ya kupona.

Kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanawake nchini, njia ya haja kubwa na kibofu vipo jirani mno na eneo linalopigwa. Kuhara kwa wiki za matibabu hupita. Kinachotisha zaidi huja miezi au miaka baadaye, pale mama anapoanza kuona damu chooni na kudhani saratani imerudi, wakati huenda ni mishipa ya utumbo iliyodhoofishwa na mionzi. Wapo wanaonyamaza kwa aibu.

Katika mazingira hayo, mtu akisoma kwamba kuna unga wa chembe ndogo unaoweza kuzuia yote hayo, atautaka leo. Chembe zilizozungumzwa zaidi ni za oksidi ya seriamu, ambayo ni aina ya metali, zenye ukubwa wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Upekee wake ni kwamba atomu za seriamu zilizo juu ya chembe zinaweza kuhama kati ya hali mbili za kemikali na kurudi, hivyo chembe moja hudaka radikali, ikajirekebisha, ikadaka nyingine, tofauti na vitamini ambayo ikishatumika imekwisha. Mwaka 2005 watafiti wa Florida, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba seli za titi zisizo na saratani zilizowekewa chembe hizo zilinusurika mionzi kwa wingi zaidi, huku seli za saratani ya titi zikikosa kinga ya namna hiyo. Mwaka 2009 kikawa kifua cha panya: waliopewa chembe hizo walipata nafuu kubwa dhidi ya nimonia inayosababishwa na mionzi. Maelezo yanayotolewa kuhusu uchaguzi huo ni kwamba ndani ya uvimbe wa saratani kuna uasidi zaidi, na katika uasidi chembe hupoteza ile kazi ya kuivunja haidrojeni peroksaidi, hivyo sumu hiyo hujikusanya kwenye seli ya saratani badala ya kuondolewa.

Ni maelezo mazuri, na huenda ni ya kweli. Lakini seli za kwenye kisahani na panya wa maabara hawatoshi kuwa msingi wa kumchoma sindano mgonjwa. Si kila uvimbe una uasidi sawa, wala uvimbe mmoja hauna uasidi sawa kila pembe yake. Zaidi ya hapo, chembe zinazoingizwa kwenye mshipa huishia kwa wingi katika ini na wengu, na kwa kuwa si kitu ambacho mwili unakimeng'enya kama chakula, zinaweza kukaa humo kwa muda mrefu. Hadi ninapoandika barua hii hakuna dawa ya chembe za seriamu iliyoidhinishwa kwa ajili ya kukinga binadamu dhidi ya madhara ya tiba ya mionzi. Chembe nano iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2019 katika fani hii ni ya oksidi ya hafniamu, nayo kazi yake ni kinyume kabisa: hudungwa ndani ya uvimbe ili kuongeza makali ya mionzi humo. Nimekutana na watu wenye elimu wanaozichanganya hizi mbili kwa kuwa zote zinaitwa nano.

Hofu yangu kuhusu antioksidanti kuikinga saratani haikutoka hewani. Kule Quebec, Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa wakipata mionzi waligawanywa kwa kura, wengine wakipewa vitamini E pamoja na beta-karotini, wengine vidonge visivyo na dawa. Beta-karotini ilisitishwa katikati ya utafiti kwa sababu za kimaadili. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba waliopata vitamini zote mbili walikuwa na madhara makali machache zaidi wakati wa matibabu. Laiti wangeishia hapo, vitamini hizo zingekuwa kwenye kila meza ya kliniki leo. Hawakuishia hapo. Takwimu hizo hizo zilionyesha dalili za saratani kurudi zaidi pale pale ilipotibiwa, na walipoendelea kuwafuatilia kwa miaka, vifo vilionekana kuwa vingi zaidi upande wa vitamini. Naomba wasomaji wa barua hii ofisini walitafakari hilo kwa utulivu: kwa wiki saba dawa ilionekana ni neema, na ukweli wake wa pili ulihitaji miaka kuonekana.

Hata dawa ambayo ilifanikiwa ilipita njia ndefu. Amifostini ilitokana na juhudi za jeshi la Marekani, wakati wa vita baridi, za kutafuta dawa ya kuwakinga askari dhidi ya mionzi ya silaha za nyuklia. Ilichujwa kutoka kemikali zaidi ya 4,000. Mwaka 1999 ndipo iliporuhusiwa nchini humo kwa ajili ya kupunguza ukavu wa kinywa kwa wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo. Katika jaribio lake kuu, ukavu wa kudumu wa kiwango cha kusumbua ulishuka kutoka asilimia 57 hadi 34. Hayo si mafanikio madogo. Hata hivyo inadungwa kabla ya kila hudhurio, inatapisha, inashusha presha ghafla, na haikuacha kuulizwa swali lile lile la kama inaikinga saratani pia. Kama kliniki yangu ingeletewa kesho, sijui ni wapi tungewalaza wagonjwa ili kuwapima presha kila siku, maana kitanda cha kupumzikia kipo kimoja. Karibu na zama zetu, mwaka 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa kwa wakati huo avasopasemu, dawa inayoiga kimeng'enya cha mwili kinachoondoa radikali iitwayo superoksaidi, ingawa katika jaribio kubwa ilipunguza vidonda vikali vya kinywa kutoka asilimia 64 hadi 54. Watengenezaji waliambiwa ushahidi hautoshi, walete jaribio jingine. Mamlaka yenye maabara na fedha zote hizo ilithubutu kusema bado.

Sasa nirudi kwetu. Mgonjwa anapomaliza mahudhurio yake, tunampa kadi yenye tarehe ya kurudi. Wengi wametoka mbali, wametumia nauli na fedha za kupanga chumba kwa wiki saba, na wengine wameuza mifugo. Anarudi mara ya kwanza, pengine ya pili. Baadaye jalada lake linabaki kabatini likiwa na mwandiko wa mwisho usiosema kama amepona, amefariki, au amehamia hospitali ya mkoa ambako daktari hajui alipigwa grei ngapi na wapi. Tukimpigia simu, namba haipatikani. Kwa madhara ya wakati wa matibabu hali si bora sana: daktari mmoja huandika "vidonda vya kinywa", mwingine huandika daraja la ukali kwa namba, wa tatu haandiki, kwa kuwa foleni ni ndefu na kila mgonjwa anayo. Mtafiti atakayekuja na chembe zake na kutuuliza ni wagonjwa wangapi kati ya mia wetu hupata vidonda vya daraja la tatu bila dawa yoyote, hatutakuwa na jibu la kumpa. Na jaribio lisilo na pa kuanzia halina pa kuishia.

Wakati ofisi zinasubiri, soko halisubiri. Hivi karibuni mama mmoja mtu mzima alikuja na mkwewe, akatoa kwenye mkoba chupa yenye lebo ya kung'aa iliyoandikwa neno nano na picha ya ngao. Nilipomuuliza ni dawa gani, mkwewe akajibu: "Sista, hii siyo dawa, ni kirutubisho tu cha kumsafisha mionzi mwilini." Nilimweleza kwamba mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini hata kidogo, mashine ikizimwa imekwisha, na kwamba hakuna cha kusafisha. Alinisikiliza kwa adabu. Ila chupa ilikuwa imenunuliwa kwa fedha nyingi kuliko nauli yao ya kurudi nyumbani, na sidhani kama ilitupwa. Sikuweza kumwambia ndani yake kuna nini, kwa sababu lebo haikusema. Ikiwa haina kitu, ameibiwa. Ikiwa ina antioksidanti kali kweli kweli, basi anainywa kila asubuhi kabla ya kulala chini ya mashine inayotegemea radikali zile zile ili kumponya.

Hapa nawaomba TMDA na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mkae meza moja. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulipohamia TBS, wauzaji wamejifunza kwamba kitu kikiitwa kirutubisho kinaulizwa maswali tofauti na kikiitwa dawa. Bidhaa yoyote inayodai kwa maandishi, kwa picha au kwa mdomo wa wakala kwamba inamkinga mgonjwa wa mionzi inadai kuwa dawa, na ipimwe kama dawa. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala nalo lihusishwe, kwa sababu baadhi ya chupa hizo zinapitia mlango wake.

Upo upande mwingine ambao napenda usisahaulike katika shauku hii ya nano. Kinga kubwa ya kiungo kizima ni kutokipiga mionzi. Nchini Uingereza, wagonjwa 94 walilinganishwa kati ya mpango wa kawaida wa mionzi na ule unaobadilisha nguvu ya miale katika kila pembe ili kuyakwepa matezi ya mate. Baada ya mwaka mmoja, wenye ukavu wa kinywa wa kusumbua walikuwa asilimia 74 katika kundi la kwanza na 38 katika la pili. Hakuna kidonge kilichotumika hapo. Kilichotumika ni mashine nzuri, programu ya kupangia, na wanafizikia tiba wenye muda wa kuketi na kila picha. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilipoanza kutumia LINAC mwaka 2018, mlango huo ulifunguka nchini. Kila siku mashine inapolala kwa kukosa kipuri, au mwanafizikia mmoja anapopangia wagonjwa wa watu watatu, kinga hiyo inapotea bila kelele. Vivyo hivyo kwa daktari wa meno anayepaswa kuwaona wagonjwa kabla ya mionzi, dawa ya kusukutua ya benzidamini, na mofini ya kunywa inayomwezesha mtu kumeza chakula chake. Hivyo havina jina la kuvutia wafadhili, lakini vina ushahidi.

Nimesikia pia hoja kwamba Tanzania ingefaa kuwa mbele katika dawa za seriamu kwa kuwa Ngualla, mkoani Songwe, kuna madini adimu, na katika madini ya aina hiyo seriamu ndiyo huwa nyingi. Kijiolojia ni kweli, na ningependa siku moja vijana wetu wa kemia wafanye kazi hiyo. Lakini kati ya udongo wa Ngualla na sindano iliyo salama kuna viwanda vya usafishaji, maabara za kupima ukubwa na usafi wa chembe, na miaka ya majaribio ya sumu. Gharama na ugumu haviko kwenye malighafi, ambayo ni ya bei ya chini kuliko madini adimu mengine.

Hivyo basi, ninachoomba kifanyike mwaka huu wa fedha hakihitaji teknolojia mpya. Wizara itoe fomu moja ya kuandika madhara ya mionzi kwa madaraja yanayokubalika kimataifa, ijazwe kila wiki ya matibabu na muuguzi, si daktari peke yake, katika kila kituo cha mionzi, cha umma na cha binafsi. Mgonjwa aondoke na karatasi inayosema alipigwa grei ngapi, wapi na lini, ili hospitali ya mkoa iweze kumhudumia na kutujulisha. Kila kituo kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwafuatilia waliomaliza, kwa simu, kwa kupitia mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa masjala ya saratani, kwa muda usiopungua miaka mitano. Nauli ya kurudi kliniki kwa wasio na uwezo iingizwe kwenye bajeti ya tiba, kwa maana tiba haijaisha siku ya hudhurio la 35.

Kwa upande wa NIMR na TMDA, naomba mwongozo wa maandishi, mfupi na wa wazi, kwamba jaribio lolote la dawa ya kukinga dhidi ya mionzi, iwe ya chembe nano au la, halitapewa kibali nchini kama kipimo chake kikuu ni kupungua kwa vidonda peke yake. Udhibiti wa saratani na uhai wa mgonjwa viwe ndani ya kipimo tangu ukurasa wa kwanza wa maombi, pamoja na mpango wa kulifuatilia ini kwa zile chembe zinazobaki mwilini, na fedha za ufuatiliaji huo ziwekwe mahali ambapo mdhamini hawezi kuziondoa jaribio likimchosha. Fomu ya ridhaa imwambie mgonjwa kwa Kiswahili anachokielewa kwamba dawa inaweza kumpunguzia maumivu na pia inaweza kuipunguzia makali tiba yake, na kwamba hakuna anayejua bado. Mwenye dawa nzuri hataogopa masharti hayo.

Niko tayari kuitwa kueleza lolote kati ya haya, na wenzangu wa kliniki nyingine nao wako tayari. Fomu ya kwanza ya majaribio tumeshaichora sisi wenyewe kwenye karatasi za kawaida, na tunaweza kuikabidhi wiki hii.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi, Kliniki ya Tiba ya Mionzi
Dar es Salaam